Kikohozi cha Landrova

Gari jipya la kaka yangu Yahya liliingia uani kwa mama bila kupiga hodi, na matatizo yote yalianzia hapo.

Nieleze vizuri, maana nikiwasimulia watu wa mjini huniambia kwamba hakuna gari linalopiga hodi. Magari yao ndiyo hayapigi. Kwetu Mzenga, wilaya ya Kisarawe, baba yetu Mzee Mwinyimadi alikuwa na Landrova ya dizeli iliyopiga hodi tangu sijazaliwa. Ikiwa bado ng'ambo ya reli, kijiji kizima kilishajua nani anarudi. Ikibadilisha gia kwenye kilima cha msikitini, mama aliinjika chai. Ilipofika uani baba akazima ufunguo, haikuzimika palepale. Ilitetemeka, ikanyamaza, na ukishadhani imekwisha, ikakohoa mara moja ya mwisho. Baba hakuwahi kushuka kabla ya kikohozi hicho. Hata siku ya mfungo, adhana imeshalia na tende ziko mkekani, alikaa na mkono kwenye mlango akisubiri gari limalize maneno yake. Kikohozi, kisha baba, kisha chai. Nyumba yetu iliendeshwa hivyo, na hakuna aliyeona ajabu.

Baba alifariki miaka mitatu iliyopita. Yahya akaendelea kuiendesha Landrova kila Ijumaa kutoka kwake Mkuza, Kibaha, mpaka mwaka huu injini ilipokata roho hapohapo uani, ekzosti imeelekea jikoni kama desturi yake. Fundi alikuja, akaifungua, akaifunga, akanywa maji na kuondoka.

Ingekuwa ni gari tu, nisingejisumbua kuandika. Jambo lenyewe lilikuwa macho ya mama. Mtoto wa jicho alikuwa ameziba yote mawili, mama amebaki kutofautisha mchana na usiku. Kibaha walikuwa wanakuja madaktari wa macho kwa juma moja tu, na siku ya mama ilikuwa Jumatano. Daktari aliyempima alituambia waziwazi kwamba jicho la kushoto haliwezi kusubiri tena, likikosa nafasi hii litakufa. Mama alikuwa ameshakataa basi, kwa sababu makondakta walimbeba kiunoni bila kumuuliza. Bodaboda ilishamwangusha, hivyo hata jina lake hakutaka kulisikia. Kwa hiyo Yahya akaamua kununua gari, na kwa kuwa Yahya ni wakala wa forodha bandarini na anajiona ana jicho la mbali, hakununua gari la kawaida. Alinunua haibridi ya kuchomeka.

Nilikuwa jikoni siku hiyo ya Ijumaa. Mama alikuwa uani kwenye mkeka, anachagua mchele kwa vidole. Nikaona kitu cheupe kinapita dirishani kimya kabisa, nikadhani ni shuka limeng'oka kambani. Nilipotoka, gari lilikuwa limesimama mbele ya mkeka, na mama amenyoosha mkono anapapasa bampa.

"Nani?" akauliza.

Yahya akashusha kioo, meno yote nje. "Shikamoo mama. Ni mimi."

"Marahaba. Wewe nakujua. Nauliza huyu uliyekuja naye."

"Ni gari, mama. Gari jipya."

"Limefika saa ngapi?"

"Sasa hivi."

"Muongo," mama akasema. "Gari likifika mimi ninasikia. Anayeingia kwa watu kimyakimya ni mwizi au ni mleta habari ya msiba. Huyu ni yupi?"

Yahya alishuka akaanza kumweleza kwa madaha, kama anauza yeye. Kwamba gari linakwenda kwa umeme, betri ikiisha linahamia kwenye petroli, na petroli ikipumzika linarudi kwenye umeme. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ana nyumba mbili," akasema.

"Mama, siyo hivyo."

"Anakula huku, akishiba anakwenda kule. Unaniambia mimi?"

Bi Zubeda, jirani yetu, ambaye aliolewa mke wa pili na anayajua mambo hayo kuliko mtu yeyote Mzenga, alikuwa ameshafika na kiti chake. "Aulizwe leo zamu ni ya nani," akasema.

Ili kuwaziba midomo, Yahya akatoa waya mnene kwenye buti, akaupitisha dirishani, akalichomeka gari kwenye soketi ya jiko la umeme ambalo mama hajawahi kulipenda. Kitaa cha kijani kikawaka ubavuni mwa gari. Yahya akasimama kando yake anangoja kusifiwa. Kabla ya magharibi yuniti za LUKU za mama zikaisha, feni ikasimama, na friji yenye maziwa ya Bi Zubeda ikanyamaza. Gari lenyewe lilikuwa limekula kiasi cha kufika Mlandizi, basi.

"Mgeni gani anakula mpaka taa za wenyeji zinazimika," mama akasema gizani, "na hodi hakupiga." Akatangaza kwamba Jumatano hatapanda kitu hicho, na macho kama ni kufa yafe.

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Ninauza mapazia mtaa wa Kwa Mathias, hukohuko Kibaha, kutwa nabishana na watu wanaopima dirisha kwa shibiri halafu wanalaumu kitambaa. Lakini ubishi wa mama yangu haupimiki. Nilimwambia Yahya atafute namna gari lipige hodi, na nilisema hivyo kwa kejeli. Sikujua kwamba atalichukulia kama kazi.

Kwanza alijaribu honi. Mama akasema honi ni kufokea watu, siyo kuwabishia hodi. Basi Jumamosi Yahya akaamka na wazo kubwa. Alijirekodi kwenye simu anasema "Hodi jamani, hodi wenyewe," sauti ameilegeza kama mtangazaji wa redio, akaiunganisha simu na spika za gari, akashusha vioo vyote. Akaenda mpaka msikitini ili aje upya kwa heshima zote.

Kati ya msikiti na kwetu kuna nyumba nne. Yahya amezaliwa hapa, ametahiriwa hapa, lakini bandari imemlegeza akili. Alisahau kwamba ukipiga hodi mlangoni kwa mtu, naye akakuitikia karibu, huwezi kupita kwenda zako. Ni tusi. Nyumba ya kwanza ni ya Mzee Amiri. Gari likasema hodi jamani, Mzee Amiri akasema karibu, gari likaendelea kutambaa. Mzee Amiri akatoka na kiti mkononi, akasimama barabarani akamuuliza Yahya ni lini amemkosea.

Yahya ikabidi ashuke, aingie, aketi, ale muhogo wa nazi. Simu aliiacha garini, na simu ile ilikuwa imeamriwa kurudia. Kwa hiyo huku yeye anakula kwa Mzee Amiri, gari liko barabarani peke yake linaendelea kupiga hodi, nyumba ya pili wanaitikia karibu, ya tatu wanaitikia karibu, na ya nne, kwa kuwa wana moyo mzuri na hawasikii vizuri, walishatandika jamvi. Alipitia zote. Ilipofika alasiri ndipo alipoingia kwetu, tumbo mbele, jasho linamtoka.

"Nimesikia hodi yako tangu adhuhuri," mama akasema. "Mtu aliyepiga hodi adhuhuri akaingia alasiri, huko katikati alikuwa anafanya nini?"

Jumapili tulimbembeleza apande kidogo tu, ajaribu, tuzunguke shuleni turudi. Alikubali kwa sababu Bi Zubeda alimwambia viti vyake ni laini. Tukamweka nyuma, mimi pembeni yake, vioo vimefungwa, ubaridi unapuliza. Yahya akaondoka. Barabara yetu ni ya vumbi na mashimo, gari likawa linanesa kwa adabu. Tulikuwa tumeshaiacha shule mbali nyuma, tuko kwenye mashamba ya muhogo, mama akauliza, "Mbona hatuondoki?"

"Tumeshaondoka, mama," Yahya akasema. "Tumepita shule."

"Mnalitikisa."

"Mama?"

"Mko hapohapo uani mnalitikisa ili nidhani tunakwenda. Nani yuko nyuma anasukuma, mtoto wa Amiri?"

Nilimtazama Yahya kwenye kioo, naye akanitazama. Mtu mwenye akili angeendelea na safari. Yahya akasimamisha gari na kumfungulia mlango ili ashuke ajionee mwenyewe, mtu asiyeona. Mama akashuka katikati ya muhogo, akaita, "Zubeda." Kimya. Akaita tena kwa nguvu. Ndege mmoja akaruka.

"Na Zubeda mmemficha," akasema. "Nipelekeni ndani nilale." Ilibidi tumpandishe, tumrudishe nyumbani, tumshushe palepale alipoamini yuko tangu mwanzo, naye akaingia ndani ametushinda.

Jioni nilimfuata chumbani nikiwa nimepanga maneno makali. Nilitaka kumwambia kwamba jicho ni lake, kwamba mimi nimefunga duka, kwamba Yahya amehangaika. Alikuwa ameketi kitandani, uso kaugeuzia mlangoni kama anavyokaa siku zote.

"Firdausi," akasema, "mimi sioni. Kilichobaki kuniambia niko wapi ni masikio. Kwenye Landrova nilikuwa najua hapa ni darajani, hapa ni kwa Wasukuma, hapa anatia gia ya kupanda. Ndani ya lile gari siko popote. Naogopa."

Mama yangu hajawahi kuniambia kwamba anaogopa. Maneno yangu makali niliyameza yote, nikakaa pembeni yake. Nilikuwa na huzuni, na nilikuwa na hofu pia, kwa sababu Jumatano ilikuwa inakuja na sikuwa na la kufanya.

Yahya naye alikuwa na lake moja lililobaki. Alifikiri labda mama anaisubiri ile Landrova ifufuke, kwa hiyo ikiondoka machoni, yaani ikiondoka uani, atakubali. Akampigia simu Seif, mnunuzi wa chuma chakavu wa Mlandizi. Jumanne asubuhi Seif akafika na lori na mnyororo. Mama alisikia mnyororo unavyoburuzwa, akauliza ni nini, na mimi nikamwambia ukweli. Akasema sawa. Akakaa kwenye mkeka wake akaanza kuchagua mchele ambao alikuwa ameshauchagua.

Lori lilivuta, Landrova ikanyanyuka kutoka kwenye mashimo iliyojichimbia, ikaanza kusogea. Ndipo Mashauri alipotokea.

Mashauri ni Msukuma, mfugaji, alikuja Mzenga na ng'ombe wake mimi nikiwa mtoto. Sisi ni Wazaramo, na Msukuma kwetu ni mtani. Asiyejua utani nitamwambia kwa kifupi. Mtani ndiye mtu pekee anayeruhusiwa kufanya upuuzi msibani. Anavaa nguo za marehemu, anamwigiza alivyotembea na alivyogomba, anazuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, na wafiwa hawana ruhusa ya kukasirika. Akiifanya kazi yake vizuri wafiwa wanacheka, na wakishacheka wanaweza kulia sawasawa. Baba alipofariki, Mashauri alikuwa ameswaga ng'ombe Rufiji kutafuta malisho, habari ikamkuta matanga yameshaanuliwa. Watani wengine walitoa pole kwa simu. Tulimzika baba kwa heshima na ukimya mwingi. Mama hakucheka wala hakulia. Alisema alhamdulillahi, akarudi kukaa kuelekea mlangoni.

Sasa Mashauri alikuwa anapita na ng'ombe, akaona Landrova ya rafiki yake inavutwa kwa mnyororo. Akatupa fimbo. Akaja akalala chali mbele ya lori.

"Maiti haitoki bila mtani," akasema. "Nataka jogoo."

"Mzee Mashauri, hili ni gari," Yahya akasema.

"Na wewe ni mtoto wa Mzaramo, lakini umezaliwa hivyohivyo. Nataka jogoo."

Seif, ambaye naye ni Mzaramo na anaijua sheria, akazima lori. Bi Zubeda akakimbilia jogoo wa mama, kwa sababu wake alikuwa anampenda. Mashauri akainuka, akajipangusa, akaingia bandani na kutoka amevaa ovaroli ya baba, ile yenye mafuta, iliyokuwa imening'inia kwenye msumari tangu siku ambayo baba aliivua. Ilimbana kifuani, maana baba alikuwa mwembamba. Akasimama mbele ya Landrova akageuka kuwa Landrova.

Alianza na kuwaka kwa asubuhi. Akajaribu, koo likasaga, likakataa. Akajaribu tena. Akajipiga teke mwenyewe, kama baba alivyokuwa anaipiga. Injini ikashika, na mwili mzima wa Mashauri ukatetemeka mpaka mashavu, na hapo Seif akakaa chini. Akaenda nyuma, akagoma, akaja mbele. Akavujisha maji kutoka kwenye chupa aliyoificha mfukoni mwa ovaroli. Akatoka nje ya uzio, akashuka mpaka kilima cha msikitini, na watoto wote wa Mzenga wakawa nyuma yake. Tukabaki tunamsikia tu. Nikasikia Landrova inakuja kutoka mbali. Nikasikia inafika kilimani, inapungua, inatia gia ya pili.

Mama akasimama. Mchele ulimwagika na hakuushughulikia. Akajifunga khanga vizuri, akaiweka sawa ile ya kichwani, akasema, "Firdausi, injika chai."

Sina hakika alijua anachosema. Ninavyodhani, alijua ni Mashauri, lakini mwili wake ulikuwa umeshasimama.

Mashauri akaingia uani, akasimama mahali pale pa siku zote, akazima ufunguo. Akatetemeka. Akanyamaza. Halafu akakohoa.

Mama alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na kicheko kikageuka bila kusimama kikawa kilio, kilio kikubwa cha msiba, cha miaka mitatu. Mimi nililia, Yahya akalia na funguo zake za haibridi mkononi, na Bi Zubeda akalia na jogoo kwapani. Seif alifungua mnyororo wake bila kuambiwa, akairudisha Landrova mahali pake na kuondoka.

Alipomaliza, mama alijifuta uso kwa ncha ya khanga. "Mashauri," akasema, "kesho una kazi gani?"

"Ng'ombe, mtani."

"Ng'ombe watachungwa na wanao. Kesho unanipeleka Kibaha."

"Mama, gari naendesha mimi," Yahya akasema.

"Wewe utaendesha. Yeye ndiye gari."

Kwa hiyo Jumatano asubuhi tuliondoka Mzenga na haibridi ya kuchomeka yenye injini tatu: ya umeme, ya petroli na ya Mashauri. Alikaa mbele, ovaroli kavaa, na tangu uani aliunguruma bila kukatisha. Mama alikaa nyuma kanyooka, mikono mapajani, mtu anayejua aendako.

"Hapa darajani alikuwa anapunguza," akasema.

Mashauri akapunguza. Yahya, ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kupunguza, akapunguza.

"Mbona gia imekwaruza?"

"Klachi imekwisha, mtani."

"Kweli," mama akasema, ameridhika. "Tangu mwaka ule wa mafuriko."

Mlandizi sauti ya Mashauri ilianza kukatika. Nilidhani safari imeishia hapo. Lakini mama alisema hata marehemu alikuwa anatiwa maji Mlandizi, rejeta haikuwahi kuvuka pale bila kunywa. Tukasimama kando ya soko, Yahya akanunua chupa mbili, Mashauri akanywa huku mama anasikiliza koo lake. Vijana wa bodaboda walisogea kuangalia. Mmoja akaniuliza, "Sister, huyo mzee anaumwa?" Nikamwambia ashughulike na pikipiki yake.

Tulipoingia barabara ya Morogoro tukakutana na askari wa usalama barabarani, dada mrefu mwenye glavu nyeupe. Akatupungia mkono. Yahya akasimama. Mashauri aliendelea kuunguruma taratibu, kwa sababu mama alikuwa amemkataza kuzima kabla hatujafika.

"Gari hili lina ubovu gani?" askari akauliza.

"Halina, afande. Ni la umeme hili, halina sauti."

"Na hiyo sauti?"

Yahya alielekeza kidevu upande wa kushoto. Jasho lilikuwa linamtoka kuliko siku ya hodi. "Afande, huyu ni injini."

Askari akazunguka mpaka dirisha la Mashauri. Mashauri akatazama mbele bila kugeuka, mashavu yanatikisika. Askari akachungulia nyuma akaniona mimi na aibu yangu, akamwona mama.

"Mwanangu," mama akasema, "tunawahi hospitali, na huyu akipoa hawaki tena."

"Injini ni kabila gani?" askari akauliza.

"Msukuma," Yahya akasema.

"Na nyie?"

"Wazaramo."

Askari akamtazama Mashauri tena. "Mimi kwetu Tabora," akasema, na hakuhitaji kuongeza lingine, maana watu wa huko nao ni watani zetu. Akarudi nyuma hatua moja. "Nendeni. Lakini injini ifunge mkanda."

Kwa Mathias tulikwama kwenye foleni, mbele ya duka langu, na majirani zangu wote wa biashara walikuwa nje. Sitaki kuisimulia sehemu hiyo. Tulifika hospitali, Mashauri akazima mlangoni, akatetemeka, akanyamaza, akakohoa, na mama akafungua mlango. Alilala huko usiku mmoja. Alhamisi asubuhi wakamtoa bandeji jicho la kushoto.

Aliniangalia mimi kwanza. "Umezeeka, Firdausi," akasema, nami nikacheka kwa furaha kuliko nilivyowahi kuchekea sifa yoyote. Kisha akamwangalia Yahya, na hapo alikaa muda. Yahya amefanana na baba siku hizi, nywele zimemrudi nyuma vilevile, na mama hakuwa amemwona. "Kumbe umekuwa na sura hiyo," akasema polepole. Nje alilizunguka gari, akaligusa hapa na pale. "Zuri," akasema. "Lakini usoni anaonekana ana siri."

Safari ya kurudi Mashauri aliunguruma kwa sauti ya mafua, maskini, amebakiwa na nusu ya injini. Mama hakumsahihisha. Alikuwa amebandika uso kwenye kioo anaangalia, mananasi ya Mlandizi, ng'ombe, pikipiki zilizobeba mikaa, uchafu wa barabarani, kila kitu. Darajani Mashauri akapunguza mwenyewe. Kwenye kilima cha msikitini akatia gia ya pili. Mama hakusema lolote kuhusu chai.

Tukaingia uani, na mama akaiona Landrova.

Alikuwa anaikumbuka ilivyokuwa. Hakujua kwamba rangi imebanduka yote, kwamba mlango wa dereva umeota kutu mpaka unaona ndani, kwamba kuku wa Bi Zubeda ametamia kwenye kiti cha baba. Aliitazama kwa jicho lake moja. Mbele, Mashauri akazima. Akatetemeka. Akanyamaza. Yahya alikuwa ameweka mkono kwenye mlango, anasubiri, na sidhani alijua kwamba anasubiri kama nani. Nami nilikuwa nasubiri. Mashauri alivuta pumzi ya kikohozi, akamtazama mama kwenye kioo.

"Usikohoe, mtani," mama akasema. "Ameshafika."

Akafungua mlango mwenyewe, akashuka, akapita kando ya Landrova na kuigusa boneti kwa kiganja, kama mtu anavyomgusa mgonjwa kuona kama homa imeshuka. Akatembea mpaka mlangoni bila kushikwa mkono. Pale akageuka.

"Yahya, mwambie Seif aje aichukue. Lakini asubiri kuku aangue."

Mashauri alibaki ndani ya gari na kikohozi chake kifuani, macho yanamtoka. Mwisho akashindwa. Alishuka mbio akaenda nyuma ya banda, alikodhani hasikiki, akakohoa.

Sisi sote tulisikia. Mama alisimama mlangoni, ametugeuzia mgongo, na nilimwona mabega yanatikisika, sikujua ni kicheko au ni nini.

"Firdausi," akasema, "injika chai. Mtani ana kikohozi."